Feza ya minervali isilale chini ya godoro



Mwisho wa mwezi wa Agosti, kisha mkutano wetu wa juma, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wengine wote wakaenda. Alifungua fundo la kitenge chake, akaniwekea mezani kitu kilichofanana na maganda makavu ya mahindi. Ilikuwa feza. Panya waliikuta chini ya godoro, wakaifanya kitanda cha watoto wao. "Mwalimu," akaniambia, "ninyi watu wa shule mna gundi. Nisaidie."

Tulikaa mpaka jua likashuka, tukiunganisha kipande na kipande. Kwa franga 96,000 alizokuwa amehesabu, tuliokoa 41,000 ambazo mtu wa duka angeweza kuzipokea. Ilikuwako pia noti moja ya dola 20, nzima kabisa, isipokuwa tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Ninyi wenyewe mnajua: dola ikitoboka hata kidogo, hapa kwetu hakuna anayeitaka. Feza hiyo yote ilikuwa minervali ya binti yake wa sekondari. Mama aliuza mbuzi kwa bei ya mtu mwenye haraka, na binti alianza masomo majuma matatu nyuma ya wenzake.

Tulipomaliza aliniuliza: "Wewe Mwalimu, yako unaiweka wapi?" Nikamjibu: "Kwa simu." Akacheka sana. "Na simu ikizimika, feza inazimika nayo?"

Hilo ni ulizo zuri, na ninajua wengi kati yenu mnalo moyoni. Leo ninataka kulijibu kwa wote, hatua kwa hatua: feza inakaa wapi, namna ya kufungua akaunti, namna ya kuitumia kwa kuweka akiba, na hatari za kuangalia.

Mahali tunapoficha

Tuanze na nyumba zetu. Tunaficha chini ya godoro, ndani ya chungu, juu ya dari, ndani ya shimo nyuma ya jiko. Kila mahali pana mwizi wake. Chini ya godoro kuna panya, ndani ya shimo kuna mchwa na maji, juu ya dari kuna moto. Na kuna mwizi mkubwa kuliko hao wote: ni mkono wetu wenyewe. Feza iliyo karibu inasikia kila kilio. Mtoto analilia mandazi, shemeji anaomba ya pikipiki, jirani anapitisha kitenge kizuri, na jioni fundo limekuwa jepesi.

Wazee wetu waliona jambo lingine. Mwezi wa Desemba 1979, wakati wa Mobutu, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi ambacho mtu aliruhusiwa kubadilisha kilikuwa na mpaka. Waliokuwa na feza masandukuni, mbali na benki, walibaki na karatasi. Waulizeni wazee waliofanya biashara wakati ule. Watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Na sisi wa Bogoro tuna sababu yetu wenyewe, ambayo sihitaji kuieleza kwa maneno mengi. Tarehe 24 Februari 2003 hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kufungua sanduku. Mtu alikimbia na mtoto, wengine hata mtoto hawakumpata. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, katika hukumu yake ya mwaka 2014, haikutaja mauaji tu. Ilitaja pia uharibifu wa mali na uporaji. Kisha, tarehe 24 Machi 2017, iliamua kwamba watu 297 waliotambuliwa kuwa wahanga wapewe kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa makao, masomo, kazi za kuleta mapato na kutunza mioyo iliyoumizwa. Mahakama yenyewe ilisema ni ishara, kwa kuwa hakuna feza inayolipa mtu. Ninalitaja hapa kwa sababu moja: feza ya uchungu kama ile, ao ya kuuza ng'ombe, ao ya mavuno, inakuja mara moja na inakuta nyumba haina mahali pa kuilaza.

Tangu wakati ule tumekimbia tena mara nyingine, na jirani zetu pia. Anayekimbia anabeba mtoto na simu. Hata simu ikianguka njiani, feza iliyo katika akaunti inabaki. Namna gani? Hapo tunarudi kwa ulizo la mama.

Feza haiko ndani ya simu

Darasani nina rejista. Majina ya watoto wote yameandikwa humo. Mtoto akipoteza buletini yake, hajapoteza darasa. Ninafungua rejista, ninamkuta. Akaunti ya simu ni vilevile. Feza yako haiko ndani ya kile kidude unachokishika. Iko imeandikwa katika rejista ya kampuni, kwa jina lako na kwa namba yako, na feza yenyewe inawekwa benki. Simu ni ufunguo tu. Ufunguo ukivunjika, unatengenezwa mwingine, na nyumba inabaki pale pale.

Kazi hii haifanywi ovyo. Benki Kuu ya Kongo ilitoa maagizo yake juu ya feza ya elektroniki mwaka 2011, na mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom ilifika katika inchi yetu. Kenya walikuwa wameianza mwaka 2007. Leo tunayo pia Airtel Money na Orange Money.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Akaunti ya simu ni kama mfuko wenye kufuli: unaweka, unatuma, unatoa. Usitegemee kwamba feza itazaa humo. Akaunti ya akiba ya benki ao ya COOPEC ni kama ghala: unaweka kwa muda mrefu, na mara nyingine unapata faida kidogo. Benki zilizo Bunia sasa zinafanya kazi hata kwa simu. Rawbank ina illicocash, TMB ina PepeleMobile, na EquityBCDC nayo ina huduma zake za simu. Kwa wengi wetu, mfuko ndio mwanzo na ghala linakuja nyuma. Tuanze basi na mfuko.

Kufungua: hatua tano

Ya kwanza, uwe na laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako mwenyewe. Si jina la mume, si la mtoto wa kiume, si la yule kijana aliyekuuzia laini sokoni. Wengi wetu tunatumia laini ambazo hatujui zimeandikwa kwa jina la nani. Siku ya shida, kampuni itampa feza mwenye jina. Ukiwa na mashaka, enda uulize kwenye duka la kampuni ukiwa na kitambulisho.

Ya pili, shika kitambulisho. Kwa wengi wetu ni kadi ya uchaguzi. Angalia kwamba jina la kadi na jina watakaloandika ni moja, herufi kwa herufi. Ukiitwa kwa jina moja nyumbani na kadi ina lingine, tumia la kadi.

Ya tatu, enda kwa ajenti anayejulikana ao kwenye duka la kampuni yenyewe, uombe kufunguliwa akaunti. Huhitaji simu kubwa ya androide. Hata simu ndogo ya tochi inatosha, bila intaneti. Kwa M-Pesa unabonyeza *1122#, kwa Airtel Money *501#, kwa Orange Money *144#, kisha unafuata maandishi. Chagua kampuni ambayo mtandao wake unashika vizuri pale unapokaa na pale unapouzia, na ambayo ina ajenti karibu. Hakuna faida ya kuwa na ghala ng'ambo ya mto usio na daraja.

Ya nne, chagua kode ya siri. Hapa ninasema kama mwalimu mkali: kode unaibonyeza wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, hata kama huoni vizuri ao hujazoea kuandika. Usimpe ajenti simu akubonyezee. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Mtaa mzima unaujua. Usitumie 1234. Usiiandike nyuma ya simu wala kwenye karatasi ndani ya kifuko cha simu. Mama asiyejua kusoma anaweza kukariri kode kwa namna vidole vinavyotembea: juu, katikati, pembeni, chini. Nimewafundisha watatu namna hiyo, na hakuna aliyesahau.

Ya tano, jaribu kwa kiasi kidogo. Weka franga 2,000. Ngojea ujumbe. Angalia salio. Zima simu, iwashe tena, angalia salio mara ya pili. Ukiona feza iko pale pale, umejibiwa na simu yenyewe kuliko maneno yangu.

Franga ao dola?

Utakapofungua utaona kwamba akaunti ina pande mbili, upande wa franga na upande wa dola. Kila upande una salio lake. Mama mmoja alinijia analia kwamba feza yake imeibwa. Alikuwa ameweka dola na anaangalia upande wa franga. Basi kila mara soma vizuri kabla ya kubonyeza.

Uweke upande gani? Kanuni ni nyepesi: weka akiba kwa feza utakayolipa nayo. Kama shule inahesabu minervali kwa dola, geuza kidogo kidogo kuwa dola, usingoje Septemba ambapo kila mtu anazitafuta. Kama ni mbegu, sabuni na chumvi, baki na franga. Bei ya dola inapanda na kushuka, na mwenye biashara ndogo hawezi kuishika mkia.

Kuweka akiba ni kazi ya kila juma

Kufungua akaunti kunachukua nusu saa. Kuitumia ndiyo kazi. Nimeona wengi waliofungua kwa furaha, na mwaka mzima salio likabaki sifuri.

Tufanye hesabu ya ubaoni. Mama anauza samaki wanaotoka Kasenyi, ao mihogo, ao makala barabarani. Kila siku ya kazi anatenga franga 500 kabla ya kununua kitu chochote cha nyumba. Kwa siku 6 ni franga 3,000. Kwa majuma 40, tangu Novemba mpaka Agosti, ni franga 120,000. Hakuna siku hata moja ambayo alitoa zaidi ya 500. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, lakini sekondari bado inalipwa. Na daftari, viatu na kaptula havina ubure wowote.

Angalia neno moja katika mfano huo: kabla. Anayengoja kuweka kinachobaki, hakibaki kitu. Mimi ninafanya hivi: za kila siku ninazitia ndani ya kopo dogo, na siku moja ya juma, siku ile ile kila mara, ninampelekea ajenti zote. Mara nyingi kuweka hakulipishwi. Kutoa ndiko kunakatwa ada, na ada inapanda kufuatana na kiasi. Omba kuona orodha ya ada kabla ya kutoa, usisikilize tu kinywa cha mtu. Tuseme, kwa hesabu tu, kwamba kila kutoa kunakatwa franga 500. Anayetoa kidogo kidogo mara 8 anapoteza 4,000, na hizo ni daftari ngapi? Anayengoja na kutoa mara moja anapoteza kidogo zaidi.

Wengine wananiambia: "Mwalimu, kama feza haizai na bado wanakata, faida iko wapi?" Ninawajibu kwa habari ya wamama wenzetu wa Kenya. Mwaka 2006, wachunguzi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walianza kazi Bumala, kituo cha soko upande wa Busia. Waliwalipia wauzaji wadogo gharama ya kufungua akaunti katika benki ndogo ya kijiji. Akaunti zile hazikutoa faida yoyote, na kila kutoa kulikatwa ada, kama zetu. Si wote waliozitumia. Lakini wamama wa soko waliopewa nafasi ile waliweka akiba zaidi, na walitia feza zaidi katika biashara zao kuliko wenzao wasiopewa. Kwa wanaume wa baiskeli za kubeba watu, badiliko kama hilo halikuonekana. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2013.

Ninalisoma hivi: wale wamama walilipa kidogo ili feza yao ikae mbali na mkono. Ada ile ilikuwa mshahara wa mlinzi. Shemeji akija kuomba, mama anaweza kusema bila uongo: "Hapa nyumbani sina." Sisi tunaofundishwa tangu utoto kwamba mwanamke mwema hakatai, tunahitaji kitu kinachokataa kwa ajili yetu.

Na mume je?

Hapa ninajua mtaninong'oneza, basi niseme wazi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa awe na ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, na watu wengi bado wanafikiri ni vile. Sheria hiyo ilibadilishwa. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Mama aliyeolewa anaweza kufungua akaunti kwa jina lake bila barua ya mume. Akikuomba barua hiyo mtu yeyote, mtajie mwaka 2016.

Lakini haki ni kitu kimoja, na amani ya nyumba ni kitu kingine. Sitasema kila mmoja afiche, wala sitasema kila mmoja afunue. Ninyi mnazijua nyumba zenu. Mimi nilimwambia wangu: "Hii ni ya minervali, na wewe utaona salio mwanzo wa kila mwezi, lakini kode ni yangu." Mwanzoni alinuna. Mwezi wa Septemba tulipolipia watoto bila kukopa, yeye ndiye aliyewaelezea wanaume wenzake. Kwa mama ambaye nyumbani kwake feza inageuka pombe ao kipigo, shauri langu ni moja: zungumza kwanza na wamama wakubwa wa chama, usibaki peke yako.

Sanduku la kikundi libaki

Kuna wanaoniuliza kama akaunti inakuja kuua likelemba ao AVEC yetu. Hapana. Vikundi vya namna ya AVEC vilianza Niger mwaka 1991, kati ya wamama wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE, na vimeenea kwa sababu vinafaa. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wote: hakuna simu inayofundisha nidhamu hiyo. Na simu haikuletei uji ukijifungua.

Lakini sanduku lina udhaifu wake, na sisi tunaujua: kadiri mwaka unavyokaribia mwisho, linakuwa zito, na mama anayelilaza kwake halali usingizi. Mtaa mzima unajua siku ya kugawana. Shauri langu ni kwamba feza iliyozidi mahitaji ya mikopo ya juma ipelekwe katika akaunti ya kikundi, benki ao COOPEC, yenye sahihi za watu watatu. Kama tunatumia simu kwa muda, mmoja ashike simu, mwingine ashike kode, na wa tatu ashike daftari. Ujumbe wa salio usomwe kwa sauti kila mkutano, kama tunavyosoma hesabu ya sanduku.

Wezi wa simu

Mwizi wa siku hizi havunji mlango, anapiga simu. Mama mmoja mwenzetu alipigiwa na kijana mwenye sauti nzuri, anamwita "mama yangu". Alisema amemtumia feza kwa makosa, arudishe. Na kweli ujumbe ulikuwa umefika: "Umepokea franga 60,000." Mama mwenye moyo mwema akarudisha. Kumbe ujumbe ule uliandikwa na mwizi mwenyewe kwa namba ya kawaida. Feza haikuwa imeingia hata moja, na aliyorudisha ilikuwa yake.

Shikeni mambo haya manne. Moja, usiamini ujumbe. Angalia salio kwa kubonyeza mwenyewe. Mbili, hakuna mfanyakazi wa kweli anayekuuliza kode ya siri, hata akijiita mkubwa wa kampuni kutoka Kinshasa. Tatu, anayesema "haraka, haraka, usikate simu", kata. Nne, unapopeleka simu kuchajiwa sokoni, izime, ao afadhali utoe laini ubaki nayo.

Na anayekuahidi kwamba feza yako itakuwa mara mbili kwa mwezi, mkimbie kama moto wa kichakani. Mwaka 1991 kule Kinshasa watu waliuza hata vitu vya nyumbani ili kupeleka feza kwa Bindo, aliyeahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata. Kisha yote yakaanguka, na wengi walibaki mikono mitupu. Siku hizi mambo yale yale yanakuja kwa WhatsApp, na picha nzuri. Akiba inakua kama mti wa mwembe. Anayekuonyesha mwembe uliokua kwa usiku mmoja, anataka kukuuzia kivuli.

Simu ikipotea, na siku tusiyoisema

Ikipotea ao ikiibwa, fanya haraka: azima simu, piga kwa kampuni ao enda kwa duka lao, waifunge laini. Kisha, kwa kitambulisho chako, utapewa laini mpya yenye namba ile ile, na feza utaikuta. Ndiyo maana nilisema jina liwe lako. Na ndiyo maana kadi ya uchaguzi isilale pamoja na simu katika mfuko mmoja. Andika namba ya kadi na namba ya simu yako katika daftari la chama, bila kode.

Kuna pia siku ambayo hatupendi kuisema. Mama akifariki na hakuna anayejua kwamba ana akaunti, watoto wanabaki na njaa huku feza yao imelala. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba akaunti ipo, na ni ya kampuni gani. Si lazima umwambie kiasi, wala kode. Na karatasi za nyumba, cheti cha ndoa na vya kuzaliwa kwa watoto, viwe tayari, ndivyo vitakavyoulizwa.

Mambo mawili ya mwisho. Mtandao unaanguka, na ajenti anaweza kukosa feza ya mkononi, hasa mwanzo wa mwaka wa masomo wakati kila mtu anatoa. Toa juma mbili kabla, si asubuhi ya kulipa. Na usipeleke yote kwa simu. Bakisha nyumbani kidogo cha kutosha pikipiki ya usiku kwenda hospitali. Ugonjwa haungoji mtandao.

Salio likishakuwa kubwa, tuseme la kununua mbuzi wawili, ni wakati wa kufikiri ghala: enda Bunia, ingia benki ao COOPEC, uliza maulizo matatu bila haya. Mna ruhusa ya Benki Kuu? Mnakata kiasi gani kila mwezi? Nikitaka feza yangu yote, nitaipata kisha siku ngapi? Anayekujibu vizuri, rudi kwake. Anayekasirika, muage.

Yule mama wa panya alifungua akaunti yake mwezi wa Septemba. Kila Jumamosi anapita kwa ajenti kabla ya kununua chumvi. Juzi aliizima simu mbele yangu makusudi, akaiwasha, akaangalia salio, akanionyesha. Lilikuwa franga 27,000. "Haikuzimika," akasema.

Mkutano ujao, anayetaka kufungua alete simu iliyochajiwa, kadi ya uchaguzi na franga 2,000. Tutafanya pamoja, polepole, na kila mmoja atabonyeza kwa kidole chake. Wale ambao macho yamechoka wasiogope. Nitawaletea miwani yangu.